Saa za Kazi Hazipunguzwi kwa Tangazo

Kila mwaka masika yanapoingia Pwani na hoteli za kutoka Diani hadi Malindi zikabaki na vitanda vitupu, karatasi hubandikwa karibu na mlango wa wafanyakazi: kuanzia Jumatatu kila mmoja atafanya kazi siku nne badala ya sita, na mshahara utafuata siku. Mashamba ya maua ya Naivasha hubandika yao soko la Ulaya linaposhuka. Viwanda vya nguo vya Athi River hubandika oda za Marekani zikipungua. Karatasi huwa fupi, ina muhuri, na haina mahali pa mtu kujibu.

Anayethubutu kuuliza hupewa majibu ambayo yamerudiwa mara nyingi hata yakaonekana kuwa ndiyo sheria. Baadhi hutoka kwa mameneja, mengine hutoka kwa wafanyakazi wenyewe, wakiambiana kwenye matatu wakirudi nyumbani. Nitayachukua moja baada ya jingine na kuyapima kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, Katiba ya 2010 na namna mahakama zinavyoamua. Msimamo wangu ni kwamba mwajiri ana haki ya kuomba saa zipunguzwe, na huenda ana sababu nzuri ya kuomba. Haki ya kuzichukua bila kuomba hana.

Dai la kwanza: "Biashara ni yangu, saa nazipanga mimi"

Dai hili lina nusu ya ukweli, ndiyo maana linawanyamazisha wengi. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira kinampa mwajiri jukumu la kupanga saa za kazi. Yeye ndiye anayeamua nani aingie zamu ya alfajiri, nani abaki usiku, na nani apumzike siku gani, mradi kila mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Lakini kupanga zamu na kupunguza kazi uliyoahidiwa ni mambo mawili. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri apange saa kwa kufuata Sheria ya Ajira na sheria nyingine zilizoandikwa. Na Sheria ya Ajira, katika kifungu cha 10, inazitaja saa za kazi miongoni mwa mambo ambayo lazima yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na mshahara, mahali pa kazi na aina ya kazi. Kisha kifungu cha 10(5) kinasema kwamba lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri atashauriana na mfanyakazi, ataurekebisha mkataba, na atamjulisha mfanyakazi mabadiliko hayo kwa maandishi.

Zipo hatua tatu hapo, na karatasi ya mlangoni imeruka mbili za kwanza. Tena hata ile ya tatu imefanywa nusunusu, kwa sababu tangazo la watu wote si barua ya mfanyakazi mmoja mmoja.

Wapo wanasheria wa waajiri wanaojibu kwamba kushauriana si kukubaliana: meneja akishawaita watu akawasikiliza, basi amemaliza wajibu wake. Katika mambo madogo hoja hiyo inaweza kusimama. Katika mambo ambayo ndiyo roho ya mkataba, hasa mshahara, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imeshikilia katika maamuzi yake kadhaa kwamba upande mmoja hauwezi kuyabadilisha peke yake. Saa zikipungua na mshahara ukapungua nazo, roho ya mkataba imeguswa. Nyuma ya hayo yote iko Katiba, ambayo Ibara yake ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, na kila mfanyakazi haki ya ujira unaostahili.

Dai la pili: "Hukufanya kazi, kwa hivyo hulipwi"

Ukiulizwa hivi haraka, utaona aibu kujibu. Nani anataka kulipwa kwa siku ambayo hakugusa fagio wala kibao cha kukatia mboga? Jiulize basi ni nani aliyeamua kwamba kazi isifanyike siku hiyo. Mfanyakazi aliyejitokeza akiwa tayari, akiwa na afya na sare yake, kisha akaambiwa arudi nyumbani, hajavunja mkataba. Aliyevunja ni yule aliyemrudisha.

Mwajiri ni kama mpangaji aliyekodi vyumba vitatu. Hawezi kumwambia mwenye nyumba mwisho wa mwezi kwamba atalipa viwili tu kwa kuwa cha tatu hakukilalia.

Sheria inalisema hili kwa njia yake. Kifungu cha 17 kinamtaka mwajiri alipe mshahara wote anaostahili mfanyakazi. Kifungu cha 19 kinaorodhesha makato yanayoruhusiwa, na katika orodha hiyo hakuna kato la "wageni wamekuwa wachache". Kwa anayelipwa kwa mwezi chini ya mkataba wenye saa maalumu, kipande kinachoondolewa kwa sababu biashara imelala ni deni ambalo mwajiri hajalilipa.

Tupige hesabu ili deni hilo lionekane. Mhudumu wa vyumba analipwa shilingi 26,000 kwa mwezi kwa wiki ya saa 48. Saa zikishushwa hadi 36, robo imekwenda, naye anabaki na shilingi 19,500. Kila mwezi anapoteza 6,500, na kwa mwaka mzima 78,000. Hiyo ni karo na kodi ya nyumba. Ikiwa amekubali upungufu huo kwa hiari baada ya kuelezwa hali ilivyo, ni sawa. Ikiwa amebandikiwa tu mlangoni, bado anadai.

Aliyeajiriwa kwa kazi ya kipande, au kwa mkataba unaosema waziwazi kwamba atalipwa kwa saa alizofanya na hakuna idadi iliyoahidiwa, hali yake ni tofauti. Kwa hiyo kabla ya kumfokea mtu yeyote, tafuta mkataba wako uusome.

Dai la tatu: "Ulisaini mkataba unaosema masharti yanaweza kubadilika"

Mikataba mingi siku hizi ina sentensi hiyo, kwa kawaida karibu na ukurasa wa mwisho: kampuni ina haki ya kubadilisha masharti wakati wowote. Meneja huishika kama ngao.

Ngao hiyo ina matundu. La kwanza ni kifungu cha 3(6) cha Sheria ya Ajira, kinachosema kwamba masharti yaliyomo katika Sheria ni kima cha chini, na makubaliano yoyote ya kuyaacha au kuyapunguza ni batili. Wajibu wa kushauriana na kuandika umo ndani ya Sheria, kwa hiyo sentensi ya ukurasa wa mwisho haiwezi kuufuta. La pili ni mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, masharti ya mkataba wa pamoja huingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi unayemhusu. Kama hoteli yako imetia saini na chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, au shamba lako na chama cha wafanyakazi wa mashamba, na mkataba huo umetaja saa za wiki, meneja hawezi kuzipunguza kwa kukuita wewe peke yako ofisini. Anapaswa kurudi kwa chama.

Mkataba unaotaja kiwango hasa, kwa mfano kwamba saa zitakuwa kati ya 30 na 45 kwa wiki kulingana na msimu, huo ni mwingine kabisa. Hapo ulikubali tangu mwanzo kwamba saa zitapanda na kushuka, na mwajiri akikupa 32 hajakosea. Mahakama huangalia mlichokubaliana, kwa hiyo kisome kabla hujasaini.

Na kama hakuna mkataba wowote wa maandishi? Wengi hudhani hapo ndipo wameangamia. Sheria inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kazi hiyo ya kuandika ni ya mwajiri. Akishindwa kuutoa mahakamani, kifungu cha 10(7) kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai. Ukisema mlikubaliana siku sita kwa wiki, ni juu yake kuonyesha vingine.

Dai la nne: "Hukusema kitu, basi ulikubali"

Hili ndilo dai la mwajiri lenye nguvu kuliko yote. Mfanyakazi akipunguziwa saa mwezi Aprili, akapokea mshahara pungufu Mei, Juni na Julai bila neno, kisha akafungua kesi mwaka unaofuata, wakili wa mwajiri atauliza swali moja tu: ulilalamika lini? Kimya peke yake hakifuti wajibu wa mwajiri wa kushauriana na kuandika, lakini kadiri miezi inavyopita ndivyo kinavyozidi kufanana na ridhaa.

Dawa yake ni barua fupi isiyo na matusi. Itaje tarehe ya tangazo, saa na mshahara wako wa awali, na iseme kwamba hujakubali mabadiliko. Iseme pia kwamba utaendelea kufika kazini kwa ratiba mpya kwa kuwa umeamriwa, huku ukihifadhi haki yako ya kudai tofauti ya mshahara. Omba mkutano. Ipeleke ofisini na nakala, na mtu wa mapokezi aigonge muhuri au aitie saini ile yako. Akikataa, itume kwa barua pepe au ujumbe wa simu unaobaki na tarehe.

Barua hiyo inakuruhusu kuendelea kula huku ukiendelea kudai. Hulazimiki kuchagua kati ya kuacha kazi na kumeza dhuluma.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa zako ni mali. Weka daftari nyumbani: siku ulizopangiwa, siku ulizofanya, siku ulizorudishwa na aliyekurudisha. Piga picha tangazo na ratiba za zamu kabla hazijabanduliwa. Hifadhi hati za mshahara za kabla na za baada. Mwajiri anatakiwa kisheria kutunza kumbukumbu za ajira, lakini siku ya kesi si ajabu kusikia kwamba faili limepotea.

Muda nao una mpaka. Kwa kawaida dai linalotokana na mkataba wa ajira lifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Kwa madhara yanayoendelea, Sheria inatoa miezi 12 tangu yalipokoma. Anayelalamikia kufukuzwa isivyo haki akitaka kupitia ofisi ya leba, ana miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Usisubiri.

Dai la tano: "Hali ni ngumu, na corona ilionyesha kwamba sheria husimama kando"

Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za kimataifa, na hoteli za Pwani zikafungwa moja baada ya nyingine. Wafanyakazi walitumwa nyumbani kwa likizo bila malipo au kwa nusu mshahara. Tangu wakati huo waajiri wengi huutaja mwaka huo kama ushahidi kwamba dhiki inatosha kuwa ruhusa.

Kumbukumbu hiyo imekatwa katikati. Aprili 2020 Wizara ya Leba, muungano wa vyama vya wafanyakazi COTU na shirikisho la waajiri FKE walitia saini mkataba wa maelewano kuhusu jinsi ya kuokoa ajira katika janga hilo. Hata ugonjwa ulipofunga anga, njia iliyochaguliwa ilikuwa ya mazungumzo na saini. Sheria ya Ajira haikusimamishwa hata siku moja. Wafanyakazi waliokubali nusu mshahara kwa maandishi walikuwa wamefanya mapatano halali. Waliopunguziwa bila kuulizwa walibaki na dai, na baadhi yao walikwenda mahakamani.

Dhiki ya mwajiri ni hoja ya kuweka mezani, na mfanyakazi mwenye busara ataisikiliza, kwa sababu hoteli ikifungwa hata saa 36 hazitapatikana. Lakini mwenye hoja ya kweli haogopi kuionyesha. Vitanda vingapi vimelala bila wageni? Upungufu utaisha lini? Je, wakubwa nao wamepunguziwa, au kisu kimeanzia jikoni na kuishia kwa wafagiaji? Mwajiri anayejibu maswali hayo hupata ridhaa kwa urahisi kuliko anayebandika karatasi.

Dai la sita: "Heri nusu shari kuliko shari kamili, ukidai utapunguzwa kazini"

Methali ni nzuri, ila hapa imepewa kazi isiyo yake. Vitisho vya "nikikosa saa za kukupunguzia nitakupunguza wewe" hufanya kazi kwa sababu watu hawajui gharama za kupunguza mtu.

Kifungu cha 40 kinaziorodhesha. Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara lazima aandikie chama chao na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa hatua hiyo. Asiye mwanachama huandikiwa yeye mwenyewe, na afisa wa leba naye hujulishwa. Wanaoondoka huchaguliwa kwa kuangalia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Likizo ambazo hazijachukuliwa hulipwa kwa pesa. Notisi ya mwezi mmoja hutolewa au hulipwa. Kisha kila mwaka kamili wa utumishi hulipwa kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 15. Mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa safari za anga, Mahakama ya Rufani ilipima si utaratibu huo tu bali pia kama sababu ya kupunguza watu ilikuwa ya kweli.

Kwa hiyo wakati mwingine anayekupunguzia saa anakwepa bili hiyo. Anatarajia uchoke, uondoke kwa miguu yako, naye asilipe hata senti. Na hata usipoondoka, kuna mtego mwingine ambao wachache wanauona. Mrudie yule mhudumu wa vyumba, na sema ametumikia miaka minane. Tukichukua mwezi kuwa siku 30, kiinua mgongo chake kwa mshahara wa 26,000 ni shilingi 104,000. Akikubali kushuka hadi 19,500 kisha apunguzwe kazini miezi michache baadaye, mwajiri atataka kupiga hesabu kwa mshahara mpya, na jumla itakuwa 78,000. Amepoteza mshahara wa mwezi mzima kwa kutosoma karatasi moja.

Ukiamua kukubali nusu shari, basi iandikwe kuwa nusu. Makubaliano yataje tarehe ya kuanza na ya kuisha, yaseme kwamba saa za zamani zitarudi bila kuombwa tarehe hiyo ikifika, na kwamba malipo yoyote ya kuachishwa yatahesabiwa kwa mshahara wa awali. Hayo ni mambo ya kawaida kuyaomba, na mwajiri mwenye nia njema hana sababu ya kuyakataa.

Na kuhusu kisasi, kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba kulalamika au kumfungulia mwajiri kesi si sababu halali ya kumfukuza mtu, isipokuwa ithibitike kwamba malalamiko yenyewe hayakuwa na msingi na yalitolewa bila kuwajibika.

Dai la saba: "Meneja huchagua nani apunguziwe"

Huchagua, lakini haruhusiwi kuchagua kwa chochote kile. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, kabila, dini, lugha, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV na mingineyo, na kinahusu masharti ya kazi pia, hata kama hakuna aliyefukuzwa. Saa zikipunguzwa kwa wajawazito pekee, au kwa watu wa jamii moja pekee, ni mwajiri atakayelazimika kuonyesha kwamba hakubagua. Uanachama katika chama cha wafanyakazi nao si sababu. Ratiba ambayo wajumbe wa chama wamekatwa siku mbili na wengine hawakuguswa ni ushahidi unaojieleza wenyewe.

Dai la nane: "Wewe ni kibarua, huna saa za kudai"

Sheria inamjua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukweli wa hotelini na kiwandani ni mwingine. Watu huitwa vibarua mwaka wa tatu mfululizo, wana vitambulisho vya kampuni, na hulipwa kila mwisho wa mwezi.

Kifungu cha 37 kimewafikiria. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazotimiza mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi ambayo haitarajiwi kuisha chini ya miezi mitatu kwa jumla, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba wa mwezi, na anastahili notisi ya siku 28. Akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi tangu alipoanza kama kibarua, anastahili masharti ya mfanyakazi ambaye si kibarua. Jina analoitwa halibadilishi kitu. Kinachohesabiwa ni siku alizofanya, na hapa tena lile daftari la nyumbani lina thamani kuliko maneno.

Wa msimu aliyesaini mkataba wa miezi mitano, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, hana madai mkataba ukiisha kwa tarehe yake. Lakini ndani ya miezi hiyo mitano, saa alizoahidiwa ni zake.

Dai la tisa, la wafanyakazi: "Akinipunguzia tu, naondoka na atanilipa mamilioni"

Haki huweza kuharibiwa na mwenye haki mwenyewe, kwa hiyo nalijibu hili pia. Ni kweli kwamba mwajiri akivunja mkataba kwa namna nzito hadi mfanyakazi akalazimika kuondoka, sheria huchukulia kwamba amemfukuza. Mahakama ya Rufani ililieleza jambo hili mwaka 2015 katika kesi ya kampuni ya Coca-Cola ya Afrika Mashariki na Kati na aliyekuwa mfanyakazi wake. Lakini vipimo vyake ni vikali. Uvunjaji uwe wa msingi. Mfanyakazi awe ameondoka kwa sababu hiyo na si nyingine. Asiwe amekaa muda mrefu baada yake hadi ikaonekana amekubali. Na mzigo wa kuthibitisha hayo ni wake.

Kupunguziwa saa mbili kwa wiki moja hakutafika hapo. Kupunguziwa nusu ya wiki bila mwisho, baada ya barua mbili zisizojibiwa, kunaweza kufika. Hata ukishinda, fidia ya kufukuzwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12, na mahakama hutoa kiasi inachoona kinafaa. Miezi 12 ni dari, na wengi hupewa chini ya hapo.

Kosa jingine ni kuamua kutokwenda kazini hata siku ulizopangiwa, eti kwa kupinga. Kutokuwepo kazini bila ruhusa ni miongoni mwa makosa makubwa yaliyotajwa katika kifungu cha 44, na umempa mwajiri alichokuwa akikitafuta. Mgomo nao una taratibu zake za upatanishi na notisi ya siku saba. Watu kumi wakiketi chini ya mwembe wakasusia kazi bila taratibu hizo, hawajagoma kisheria. Nenda kazini, fanya siku ulizopewa, dai zile ulizonyimwa.

Dai la kumi: "Kesi ni za matajiri"

Njia ya kwanza haina ada. Ofisi za leba ziko katika kaunti, na afisa wa leba ana mamlaka ya kumwita mwajiri, kukagua kumbukumbu na kupatanisha. Mwenye chama aanze na mwakilishi wake kazini, kwa sababu chama kinaweza kumwakilisha hadi mahakamani. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hukaa Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine. Tangu 2018, mizozo ya watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi inaweza kusikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo, karibu na nyumbani.

Msomaji wa Tanzania asichukue mipaka ya muda ya Kenya akaitumia kwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inataka saa za kazi ziandikwe na mabadiliko yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, na inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda ni mfupi mno: siku 30 kwa anayelalamikia kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Anayengoja mwaka uishe Dar es Salaam atakuta mlango umefungwa.

Husemwa kwamba mnyonge hana haki. Kwenye suala hili haki anayo, imeandikwa, na ina nambari za vifungu. Kinachopungua mara nyingi ni barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe na nakala. Karatasi ikibandikwa mlangoni kwenu wiki hii, ipige picha, keti na wenzako, mwandikieni mwajiri kabla ya mshahara wa kwanza pungufu kuingia, na mwombe mkutano. Akija mezani na hesabu za kweli, patana naye kwa maandishi yenye tarehe ya mwisho. Asipokuja, ipeleke nakala ya barua hiyo kwa afisa wa leba.